Glasi, friji, chungu, friza au kamba: giligilani na wenzake wakae wapi?

Fungu la giligilani pale soko la Kilombero, Arusha, halikufungwa kwa hesabu ya mtu anayepikia watu wawili. Unataka vijiti vitatu vya kukatia kachumbari, unaondoka na fungu zima, na siku ya tatu kilichobaki ni njano juu na utelezi chini. Mnanaa unafuata njia hiyo hiyo, na mrihani ndiyo usiseme. Kwa kuwa bei ya fungu ni ndogo, wengi wetu hutupa bila kuumia. Kinachouma ni ile jioni ambayo mchuzi uko jikoni na genge la jirani halina hata jani moja.

Njia za kuyatunza majani haya ya viungo zipo, na kila mtu anaapia ya kwake. Shangazi atakwambia weka kwenye maji. Mfanyakazi mwenzako atakwambia funga na karatasi utie kwenye friji. Jirani anakausha kila kitu mpaka pasli. Wote wana ukweli wao, ila kila mmoja anazungumzia jani lake, jiko lake na mapishi yake. Hapa naziweka njia tano pamoja na kuzipima kwa vipimo vile vile, uchague inayolingana na nyumba yako.

## Vipimo

Cha kwanza ni muda, yaani siku ambazo jani bado unalitaka kwenye chakula, siyo siku ambazo halijaoza kabisa. Cha pili ni ladha, pamoja na swali la kama jani bado linaliwa bichi au limebaki la kupikwa tu. Cha tatu ni umeme na gharama, maana ushauri wa friji una thamani moja kwa mtu ambaye mtaa wake umeme umetulia, na thamani nyingine kwa anayeishi na tochi mkononi. Cha nne ni kazi: dakika unazotumia siku ya kununua, na usumbufu unaofuata siku za mbele. Mwisho wa kila njia nimesema inamfaa nani.

Kuna kipimo kingine ambacho vitabu vya mapishi haviwezi kukufanyia, nacho ni mji unaoishi. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti usiku joto hushuka hadi kwenye nyuzi 12 au 13. Moshi, kilomita 80 hivi kwa barabara, iko chini ya mita 1,000, na Januari na Februari joto la mchana huvuka nyuzi 30. Mnanaa uliowekwa dirishani Njiro, Arusha, mwezi wa Julai na uliowekwa dirishani Pasua, Moshi, mwezi wa Februari hauwezi kupewa siku sawa.

## Tazama jani kwanza

Jani likishakatwa halijafa. Linaendelea kupumua, linakula sukari iliyomo ndani yake, na linapoteza maji bila mzizi wa kuyarudisha. Joto likipanda, yote hayo yanakwenda kasi. Kwa hiyo njia yoyote utakayochagua inafanya moja kati ya mawili: inapunguza kasi hiyo, au inaikata kabisa kwa kugandisha au kukausha.

Kwa mahitaji ya jikoni ninayagawa makundi matatu. Yapo majani laini: giligilani, pasli, mnanaa, kitunguu majani. Haya yana maji mengi na yanapenda baridi iliyo juu kidogo tu ya kuganda. Yapo magumu: rozimari, oregano, mchaichai. Haya harufu yake haikimbii upesi, na yanavumilia mengi. Kisha upo mrihani, ambao unakaa peke yake. Ukiuona umefungwa fungu moja na giligilani unaweza kudhani tabia zao ni moja, lakini mrihani ni mmea wa joto. Ukikaa chini ya nyuzi 10 hivi unaumia: majani yanapata madoa meusi hata kama hayajaoza. Wengi wanaolalamika kwamba friji limewaharibia majani, ukiwauliza vizuri, ni mrihani walioutia humo.

Njia yoyote utakayochagua, ukifika nyumbani fungua fungu. Ile kamba ya mgomba au raba inabana mashina, na uozo huanzia hapo hapo. Chungulia katikati: mashina ya ndani yamekuwa kijani cheusi na yanateleza, wakati ya pembeni bado mazima. Toa hayo mabovu, maana uozo unahama. Halafu yaweke mbali na ndizi zinazoiva, parachichi, maembe na nyanya. Matunda yakiiva hutoa gesi ya ethilini, na giligilani au pasli ikiivuta gesi hiyo hugeuka njano haraka. Nyumba ya Kichaga yenye mkungu wa ndizi kona ya jiko ijipange mapema.

Kuhusu kuosha, watu hubishana sana. Mama anayeuza anayanyunyizia maji kutoka kwenye kopo tangu asubuhi ili yasinyauke, kwa hiyo unayapokea yakiwa yamelowa tayari. Ukimwambia, "Mama, naomba lile lisilomwagiwa maji," atakucheka kidogo kisha atakutolea la chini ya gunia. Msimamo wangu: kama huna muda wa kuyakausha vizuri, usiyaoshe siku ya kununua. Yaoshe kwa maji safi yanayotiririka siku ya kuyatumia, na usiruke hatua hiyo kwa yanayoliwa mabichi. Maji yaliyonasa kati ya majani ndiyo yanayoleta utelezi.

## 1. Glasi ya maji

Unakata ncha za mashina kama sentimita moja, unang'oa majani yote ya chini yatakayozama, unayasimamisha kwenye glasi au jagi lenye maji ya vidole viwili vitatu, kama maua ya mezani. Yakae kivulini, siyo juu ya friji kwenye joto la mashine wala karibu na jiko la gesi.

Muda. Inategemea jani na mji. Giligilani iliyouzwa na mizizi yake inaweza kumaliza karibu wiki Arusha wakati wa baridi. Moshi kwenye joto usiitarajie kuvuka siku mbili tatu. Mnanaa ndio unaoishangaza njia hii: hauishii kukaa tu, unatoa mizizi myeupe kwenye vifundo ndani ya wiki moja au mbili, na baada ya hapo umeshakuwa mche. Mrihani nao unaipenda glasi kuliko mahali pengine popote ndani ya nyumba, unamaliza wiki na zaidi, na mara nyingi unatoa mizizi pia. Kitunguu majani chenye mizizi kinaendelea kurefuka. Unakata juu, unaacha chini.

Ladha. Jani linabaki bichi kabisa. Kachumbari, juisi ya ndimu na mnanaa, mapambo ya pilau, yote sawa.

Umeme na gharama. Hakuna. Glasi iliyopasuka mdomo inatosha.

Kazi. Siku ya kwanza ni dakika tano. Baada ya hapo maji yabadilishwe kila siku au kila baada ya siku moja, na glasi isuguliwe ndani maana utando unajenga ukutani. Ukisahau, harufu itakukumbusha.

Inamfaa nani. Anayepika kila siku na kuyaona majani kila siku. Asiye na friji. Mpenzi wa mrihani, awe na friji au asiwe nalo. Haimfai anayesafiri Jumatatu kurudi Ijumaa, wala mwenye mtoto anayejifunza kusimama kwa kushika meza.

Wenye friji wanaweza kuunganisha: glasi hiyo hiyo ya giligilani au pasli, ikifunikwa juu kwa mfuko mwepesi usiobana na kusimamishwa ndani ya friji, hufika wiki mbili bila shida. Tatizo ni nafasi. Friji dogo la mlango mmoja lina rafu fupi, na glasi moja ikianguka inalowesha kila kitu hadi maandazi ya kesho.

## 2. Friji, kwa kitambaa na chombo

Hii ndiyo njia inayosifiwa zaidi na inayokosewa zaidi, kwa sababu majani laini yanataka vitu viwili vinavyoonekana kupingana: hewa yenye unyevu, na uso mkavu. Hewa ikiwa kavu yananyauka. Uso ukiwa na maji yanaoza. Kitambaa kipo kwa ajili ya kusuluhisha hilo.

Tandaza kitambaa safi cha pamba, kipande cha shuka kuukuu kinafaa kuliko taulo nene. Panga majani kwa safu moja, yasirundikane. Kama yamelowa, kitambaa kiwe kikavu. Kama yamekauka na kuanza kulegea, kitambaa kiloweshwe kisha kikamuliwe mpaka hakidondoshi tone. Kunja kama unavyokunja mkeka, bila kubana, utie kwenye chombo chenye mfuniko. Kopo la aiskrimu linafanya kazi hii vizuri. Baada ya siku mbili tatu fungua uangalie: kitambaa kikiwa kimelowa sana, badilisha, kikiwa kimekauka, nyunyizia kidogo.

Wengi walizoea kufunga mboga kwenye rambo na kuitupia kwenye friji. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, mazoea hayo yamekosa mfuko, na kwa giligilani hiyo si hasara, maana ndani ya rambo majani yalikuwa yanatoa jasho na kuliogelea. Mfuko mbadala wa sokoni nao haufai kuwa chombo cha friji: unapitisha hewa kupita kiasi na majani yanakauka ndani yake.

Mahali ndani ya friji pana maana. Ukuta wa nyuma hugandisha. Jani likiugusa linakuwa jeusi na laini, ukilishika linateleza vidoleni. Mlangoni joto hupanda kila ukifungua. Droo ya mboga ndiyo yake, mradi usiichangie na nyanya na parachichi zilizoiva.

Muda. Giligilani, pasli na mnanaa: wiki moja hadi mbili. Rozimari: wiki mbili hadi tatu. Kitunguu majani: karibu wiki, lakini kifungwe peke yake, la sivyo hata maziwa yatanukia kitunguu. Mrihani: usiutie.

Ladha. Karibu sawa na bichi ya sokoni katika wiki ya kwanza. Wiki ya pili harufu inapungua, na hapo ni bora kuyapeleka kwenye mchuzi kuliko kwenye kachumbari.

Umeme na gharama. Kama friji lipo, hakuna gharama ya ziada. Umeme ukikatika, friji lililofungwa muda wote hushika baridi kama saa nne. Giligilani haitakufa kwa saa hizo, lakini katikakatika ya kila siku inakula siku zake bila wewe kuona, kwa sababu kila joto likipanda matone yanajitengeneza juu ya majani.

Kazi. Robo saa siku ya kununua. Kukagua katikati ya wiki ndiko watu wanakoruka, na ndiko kunakoamua kama utafika siku ya kumi.

Inamfaa nani. Anayekwenda sokoni mara moja kwa wiki na anataka majani mabichi mpaka safari ijayo. Wanaonunua Tengeru siku za gulio wananielewa.

## 3. Chungu ndani ya chungu

Vyungu viwili vya udongo, kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa chenye unyevu. Maji yanapokauka kupitia ukuta wa chungu cha nje yanaondoka na joto, na ndani kunapoa. Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alipewa tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kusambaza vyungu vya namna hii kwa familia za kaskazini mwa nchi yake zisizo na umeme. Chungu kisipakwe rangi wala kung'arishwa. Vyungu vya kawaida vya Upareni vinavyouzwa sokoni ndivyo vinavyotakiwa, maana vinapitisha maji.

Muda. Tarajia siku kadhaa zaidi ya mezani, usitarajie wiki. Nguvu yake ni hewa kavu. Januari na Februari Moshi kinafanya kazi vizuri. Aprili, masika ikiwa imekolea na hewa imejaa unyevu, hakifanyi karibu chochote.

Ladha. Jani linabaki bichi. Na kuna faida ambayo friji halina: ubaridi wake ni wa wastani, hauuumizi mrihani. Nyanya na pilipili hoho zinakaa humo pia, lakini nyanya zilizoiva zisilale na giligilani kwa sababu ile ile ya gesi.

Umeme na gharama. Umeme hakuna. Unanunua vyungu viwili na ndoo ya mchanga, basi.

Kazi. Kulowesha mchanga asubuhi na jioni. Chungu kikae kivulini panapopita upepo, juu ya matofali mawili ili kipumue chini. Ni kizito, ukishakiweka, ndipo patakuwa pake.

Inamfaa nani. Nyumba isiyo na friji iliyo upande wenye joto, na mama lishe anayehitaji majani na nyanya zake zifike jioni zikiwa wima. Kwa Arusha ya Julai sioni sababu ya kuhangaika nacho, kibaraza chenyewe kimeshapoa.

## 4. Friza

Barafu inapasua kuta za ndani ya jani. Likiyeyuka linakuwa bwabwa, kwa hiyo sahau kachumbari. Lakini harufu inabaki, na kwenye sufuria hakuna atakayejua tofauti.

Namna inayofanya kazi vizuri ni kukatakata majani, kuyajaza kwenye trei ya barafu, kumimina maji au mafuta ya alizeti mpaka yafunikwe, kugandisha, kisha kuhamishia vipande kwenye kopo lenye mfuniko. Giligilani na pasli zinakubali maji. Mrihani unapenda mafuta, maana ukigandishwa mtupu unakuwa mweusi. Ukitaka rangi ya kijani ibaki, uchovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache, uutie kwenye maji baridi, ukamue, ndipo ugandishe. Mchaichai na rozimari havihitaji trei: kata vipande, tia kwenye kopo.

Muda. Miezi mitatu hadi sita harufu ikiwa bado nzuri.

Ladha. Ya kupikwa tu: mchuzi, supu, maharage, mtori. Kipande kinatumbukizwa kikiwa barafu, dakika za mwisho.

Umeme na gharama. Njia hii ndiyo inayoegemea umeme kuliko zote, ingawa si dhaifu kama inavyodhaniwa. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika barafu kama saa 48. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Friza tupu yenye trei moja ya giligilani ndiyo inayoumia umeme ukikatika, kwa hiyo jaza nafasi kwa chupa za maji.

Kazi. Nusu saa ya kukatakata kwa siku moja, kisha umesahau kwa wiki kadhaa. Kwa mtu anayechoka jioni, hapa ndipo faida ilipo: mkono unaingia kwenye kopo, kipande kimoja, basi.

Inamfaa nani. Anayepika mchuzi zaidi ya saladi, anayenunua kwa wingi majani yakiwa tele, na mwenye friza ambayo tayari ina nyama na samaki.

Tahadhari moja ni ya afya. Majani mabichi yaliyofunikwa na mafuta, na hasa yakichanganywa na kitunguu saumu, yasikae kwenye chupa kabatini. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na bakteria wa botulismu, yaani sumu kali ya chakula, wanastawi panapokosekana hewa, bila kubadili rangi wala harufu ya chakula. Mafuta ya namna hiyo yakae kwenye friji kwa siku tatu nne tu, au yagandishwe. Chupa nzuri zenye tawi la rozimari ndani ya mafuta zinazopambwa rafuni zinapendeza macho. Ukitaka kutengeneza yako, tumia tawi lililokaushwa kabisa.

## 5. Kamba, yaani kukausha

Funga vishada vidogo, ning'iniza vichwa chini mahali penye kivuli na upepo. Jua kali linakausha haraka, lakini linaondoka na rangi na mafuta ya harufu, ambayo ndiyo uliyoyanunulia. Jani limekauka pale linapovunjika kwa vidole na kijiti kinapolia kikikatika. Likiwa bado linapinda, liache.

Muda. Miezi sita hadi mwaka, ndani ya chupa kavu iliyofungwa vizuri na kuwekwa gizani, siyo kwenye rafu ya juu ya jiko.

Ladha. Hapa majani yanatengana vibaya. Rozimari, oregano na mchaichai hutoka salama, na kwa chai wapo wanaoyapendelea makavu. Mnanaa mkavu ni mzuri kwa chai, si kwa kitu kingine. Giligilani na pasli zikikauka zinabaki na harufu ya nyasi. Kwa giligilani afadhali ununue mbegu zake, ambazo ni kiungo kingine chenye heshima yake. Kwenye mapishi, kijiko kimoja cha makavu kinachukua nafasi ya vijiko vitatu vya mabichi.

Umeme na gharama. Hakuna, zaidi ya uzi na chupa.

Kazi. Kidogo sana, ila inahitaji hali ya hewa. Moshi kipindi cha kiangazi ni siku chache. Arusha ya Juni yenye mawingu na manyunyu, kishada kinene kinaota ukungu katikati kabla hakijakauka. Fanya vishada vya vijiti vitano sita tu, au subiri. Baada ya kutia kwenye chupa, chungulia kesho yake: ukiona ukungu wa maji kwenye kioo, rudisha kwenye kamba.

Inamfaa nani. Wanywaji wa chai ya rozimari na mchaichai, wachoma nyama, na mwenye ua uliomzidi.

## Kwa hali yako

Kama unaishi chumba kimoja Sakina au Majengo bila friji, weka mnanaa na mrihani kwenye glasi, na giligilani nunua kidogo kidogo. Muombe muuzaji akugawie nusu fungu; wengi hukubali kwa mteja wanayemjua. Ukiwa upande wa Moshi na una nafasi barazani, chungu kitakufaa zaidi kuanzia Januari.

Kama una friji na unakwenda sokoni mara moja kwa wiki, usilazimike kuchagua njia moja. Siku ya kununua gawa fungu: theluthi mbili kwenye kitambaa kwa kachumbari ya wiki, theluthi moja ikatwe iende kwenye trei. Ikifika siku ya tano na kilichomo kwenye kitambaa kimeanza kulegea, nacho kipeleke kwenye trei kabla hakijageuka njano. Hivyo ndivyo ninavyofanya mwenyewe.

Kama umeme wa mtaa wenu ni wa kuja na kuondoka, friji litumie kwa siku tatu nne tu, na majani magumu yakaushe. Friza iwe chaguo ikiwa tu inajaa.

Desemba ni hesabu ya peke yake. Ndugu wanapanda Marangu, Machame na Rombo, nyumba ya watu wanne inalisha ishirini, na wiki ya Krismasi giligilani inatafutwa na kila mtu. Gandisha mapema mwezi huo kwa ajili ya michuzi na supu, kisha nunua mbichi chache siku mbili kabla kwa ajili ya kachumbari tu.

Mama lishe anayetumia mafungu mawili au zaidi kwa siku hahitaji njia ya wiki mbili. Anahitaji majani yafike saa kumi jioni. Ndoo yenye maji kidogo chini, majani yamesimama, kitambaa chenye unyevu juu, kivulini: inatosha, na inampunguzia kunyunyizia kila saa.

Na mwenye futi chache za udongo nyuma ya nyumba apunguze kununua. Rozimari inaweza kuwa ukuta wa ua, mchaichai unajitunza ukishashika, na ule mnanaa uliotoa mizizi kwenye glasi uende kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa chini, usiende bustanini, maana utameza bustani. Giligilani otesha mwenyewe kwa mbegu za sokoni: zibonyeze kidogo kwa chupa zipasuke nusu, mwaga, funika kwa udongo mwembamba, mwagilia. Panda kidogo kila baada ya wiki tatu badala ya nyingi kwa mara moja, kwa sababu joto la Moshi huikimbiza kutoa maua, na ikishatoa maua majani yake huwa machache na makali.